Wasomaji Wauliza: Shimo la Changarawe la Kijiji

Masika yanapokwisha, barua za barabara ndizo zinazotangulia kwenye safu hii. Mwezi huu tumekusanya za kundi moja, kutoka kwa wasomaji wa mkoa wa Tanga wanaotaka kufungua shimo dogo la changarawe ili watengeneze barabara zao. Barua tumezifupisha. Majibu tumeyaacha marefu pale jambo linapohitaji maelezo. Tunaliweka wazi moja tangu sasa: shimo hupimwa, udongo hujaribiwa, na namna ya kulifunga hupangwa kabla tipa la kwanza halijaingia. Ni kazi ya siku chache, na ndiyo inayoamua kama barabara itadumu au itaondoka na mvua za vuli.

SWALI: Wataalamu, shikamooni. Kijijini kwetu tuna barabara ya kilomita 3 inayotoka barabara kuu. Kando yake kuna kilima cha udongo mwekundu uliochanganyika na vijiwe, na wazee wanasema hicho ni kifusi kizuri. Tutajuaje kama kinatosha, na kama kinafaa? – Katibu wa kamati ya barabara, Muheza

JIBU: Marahaba, ndugu katibu. Wazee wasikilizeni, kwa sababu wanajua udongo uliobeba nyumba na njia zao miaka mingi. Lakini macho huona uso wa kilima tu. Kilicho chini lazima kichimbwe kionekane.

Pimeni kwa kamba na vigingi mraba wa mita 60 kwa 60. Ndani yake chimbeni mashimo 9 ya majaribio, safu tatu za mashimo matatu, mita 30 kutoka moja hadi jingine, mkianzia kwenye kona za mraba. Kila shimo liwe mita 1 kwa 1, na liende chini mpaka changarawe iishe au mfike mita 2. Likipita mita 1.2, kateni upande mmoja ngazi ili mchimbaji aweze kutoka haraka, maana kuta za shimo jembamba huporomoka bila kutoa dalili. Katika kila shimo andikeni unene wa vitu vitatu: udongo wa juu wenye mizizi, udongo usiofaa uliolalia changarawe, na changarawe yenyewe. Mkimaliza, fukieni siku hiyohiyo.

Sasa hesabu. Msijumlishe mashimo yote mkagawa kwa 9, kwa sababu shimo la katikati linawakilisha eneo kubwa kuliko la kona. La katikati lizidisheni kwa 4, yale manne ya pembeni kwa 2, ya kona yabaki kama yalivyo, kisha gawanyeni jumla kwa 16. Tuseme katikati mmepata changarawe ya mita 1.5, pembeni mita 1.2 kila moja, na kwenye kona mita 0.8. Jumla ni 6 na 9.6 na 3.2, yaani 18.8, ukigawa kwa 16 unapata karibu mita 1.18. Zidisheni kwa mita za mraba 3,600, mnapata mita za ujazo kama 4,230 zikiwa bado ardhini. Msizihesabu zote. Chukueni asilimia 70, yaani 2,960 hivi, kwa sababu mawe makubwa yatatupwa, mifuko ya udongo wa mfinyanzi itarukwa, na kingo zitaachwa na mteremko. Changarawe ikichimbwa huvimba kwa karibu robo, kwa hiyo 2,960 zinakuwa kama 3,700 za kupakia. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 5 inakula karibu 1,000. Kilima chenu, kikiwa na vipimo hivyo, kinatosha kilomita 3 na kinabakiza akiba.

Akiba hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Barabara ya changarawe hupoteza milimita 10 hadi 30 kila mwaka kwa vumbi na maji. Ikipoteza milimita 20, kilomita moja inadai mita za ujazo 100 zilizoshindiliwa kila mwaka. Shimo lisilokuwa na akiba linawarudisha kutafuta jingine kabla miaka mitano haijaisha.

Angalieni pia udongo wa juu usiofaa. Ukiwa mnene kuliko changarawe iliyo chini yake, acheni upande huo. Mtakuwa mnahamisha taka nyingi kuliko mali.

Kuhusu ubora, sampuli zichukuliwe ndani ya mashimo ya majaribio, kuanzia juu ya tabaka la changarawe hadi chini. Msichote kwenye ukuta wa kilima uliokwisha kuoshwa na mvua. Pale udongo laini umeshaondoka, na mtadanganyika kwamba yote ni vijiwe. Mwageni sampuli juu ya turubai, changanyeni vizuri, gawanyeni mafungu manne, tupeni mafungu mawili yanayotazamana, changanyeni tena yaliyobaki. Rudieni mpaka mbaki na kilo 30 hivi. Hizo ndizo za maabara. Meneja wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wa wilaya yenu atawaelekeza pa kuzipeleka.

Mkiwa maabara, ombeni vipimo vitatu: mchanganuo wa ukubwa wa chembe, kiasi cha kusinyaa kwa udongo laini, na CBR, yaani nguvu ya kubeba mzigo kwa asilimia, baada ya sampuli kulowekwa siku 4. Kwa tabaka la juu la barabara ya changarawe, miongozo ya Afrika Kusini inataka CBR isiyopungua 15 ikiwa imeshindiliwa kufikia asilimia 95 ya mshindilio wa maabara. Kipimo cha kusinyaa tunakieleza katika jibu linalofuata, kwa sababu ndicho kinachoua barabara nyingi.

Jambo la mwisho kwa Muheza. Mkiwa upande wa Amani, hakikisheni kilima hakimo ndani ya hifadhi ya msitu. Mpaka wa hifadhi hausogezwi kwa ajili ya kifusi.

SWALI: Mwaka jana tulimwaga kifusi kizuri chenye mawe madogomadogo. Miezi mitatu baadaye mawe yalikuwa yametawanyika pembeni, barabara imejaa vijituta vinavyotikisa gari. Kijiji jirani walimwaga udongo mwekundu, wao mvua ilipokuja magari yakazama. Tatizo ni nini? Na mawe ya matumbawe ya pwani yetu, je, yanafaa? – Msomaji, Pangani

JIBU: Tatizo ni moja, ila nyie na jirani zenu mmesimama kwenye ncha mbili tofauti. Changarawe ya barabara inahitaji mawe ya kubeba mzigo na udongo wa mfinyanzi kidogo wa kuyashika. Yenu haikuwa na kishikio, kwa hiyo matairi yaliyarusha mawe pembeni na kuupanga mchanga kuwa vijituta. Ya jirani ilizidi mfinyanzi, ikavimba na kuteleza ilipoloa.

Kipimo chake ni hiki. Chukua udongo uliopita chekecheo cha tundu la milimita 0.425, ukoroge na maji mpaka uwe uji mzito, ujaze kwenye kijungu chembamba cha chuma chenye urefu wa milimita 150 kilichopakwa grisi, uache ukauke polepole kivulini, kisha uumalizie kwenye tanuri. Pima umefupika kiasi gani. Ukitoka 150 ukawa 138, umesinyaa milimita 12, yaani asilimia 8. Zidisha asilimia hiyo kwa asilimia ya sampuli nzima iliyopita chekecheo hicho. Iliyopita ikiwa asilimia 30, jibu ni 8 mara 30, yaani 240.

Jibu likiwa chini ya 100, changarawe itatawanyika kama yenu. Likizidi 365, itateleza. Penye nyumba nyingi lisipite 240, kwa ajili ya vumbi linaloingia majumbani.

Hapa watu hukosea jambo moja: wanachekecha udongo mkavu wenye mabonge. Mabonge hayo ndiyo mfinyanzi wenyewe, na yakibaki juu ya chekecheo sampuli itaonekana haina kishikio. Loweka usiku kucha, osha juu ya chekecheo, kausha, ndipo upime. Kama maabara iko mbali, chekecheo laini la unga linaweza kutoa makisio ya awali, lakini lisiamue kazi ya kilomita nzima.

Dawa ya changarawe isiyo na kishikio ni kuichanganya. Tuseme kwa kipimo hicho yenu ina 40, na mmepata udongo wa mfinyanzi wenye 600. Mkitaka kufika 180, fungu moja la mfinyanzi kwa mafungu matatu ya changarawe linawafikisha hapo kwa hesabu ya kwanza. Changanyeni debe chache kwa kipimo hicho, mpime tena, ndipo muagize matipa. Uchanganyaji ufanyike shimoni au kwa greda juu ya barabara, likigeuza lundo upande huu na upande ule angalau mara nne. Kumwaga tipa la mfinyanzi halafu tipa la mawe, kila moja mahali pake, kunazaa kipande cha tope na kipande cha kokoto.

Umeuliza pia kuhusu mawe ya matumbawe ya pwani yenu. Matumbawe makavu ya nchi kavu, yakivunjwavunjwa na kushindiliwa yakiwa na unyevu, unga wake hugandamana na kutoa tabaka gumu, kwa hiyo yanafaa hasa kama tabaka la chini. Ya ufukweni msiguse. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini na kutoka kingo za mito. Mchanga na mawe ya ufukwe ndiyo yanayowazuilia mawimbi yasiingie mashambani.

SWALI: Mwenye shamba ametukubalia kwa maandishi na Mtendaji amegonga muhuri. Je, tuanze? – Kikundi cha vijana, Pongwe

JIBU: Bado, vijana wetu. Changarawe, mchanga na mawe ya ujenzi ni madini mbele ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Mwenye shamba anamiliki haki ya ardhi tu, madini yaliyomo siyo yake. Kinachohitajika ni leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo hutolewa kwa Watanzania pekee na hudumu miaka 7. Kwa madini ya ujenzi eneo lake halizidi hekta 5, na shimo la kijiji mara nyingi halifiki hata hekta 1. Nendeni ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa mkoa mkiwa na usajili wa kikundi na alama za GPS za kona nne za eneo. Mtaulizwa mpango wa kulinda mazingira, na hapo michoro ya namna ya kulifunga shimo itawasaidia. Ulizeni papo hapo kiwango cha mrabaha, yaani malipo ya serikali kwa madini yanayochimbwa, na namna ya kuulipa.

Leseni nayo haiondoi haja ya maelewano na mwenye shamba. Muhuri wa Mtendaji ni mzuri, ila tazameni kilichoandikwa juu yake. Mkataba useme eneo kwa mita, kina cha mwisho, malipo ni kwa tipa au kwa eneo, njia ya kuingilia inapita wapi, mazao yatakayoharibika yatalipwaje, nani atalifunga shimo na lini ardhi itarudi. Migogoro mingi huanzia kwenye njia ya kuingilia, kwa sababu matipa hukata kona na kukanyaga mihogo ya jirani ambaye hakuwa sehemu ya makubaliano. Kama ardhi ni ya kijiji, suala liende Mkutano Mkuu wa Kijiji, na muhtasari uandikwe.

Barabara nayo ina mwenyewe. Za wilaya na vijiji zinasimamiwa na TARURA, barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS. Msimwage kifusi bila kukubaliana na msimamizi, hata mkijitolea. Shimo lisiwe ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Lisiwe karibu na nguzo za umeme wala bomba la maji. Na kwa kuwa mwambao wetu una magofu na makaburi ya kale, kama ya Tongoni, mkikutana na vigae vya kale au msingi wa jengo, simamisheni kazi mtoe taarifa.

SWALI: Kilomita moja inahitaji tipa ngapi, watu wangapi, na siku ngapi? Shimo letu liko kilomita 6 kutoka barabarani. Tuna uwezo wa kukodi tipa moja au trekta. – Mwenyekiti wa kijiji, Handeni

JIBU: Mheshimiwa mwenyekiti, tuanze na ujazo. Urefu wa mita 1,000, upana wa mita 5, unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa: hizo ni mita za ujazo 750. Kifusi kilicholegea hupungua kikishindiliwa, kwa hiyo zidisha kwa 1.3, unapata 975. Weka kinachomwagika njiani, hesabu 1,000.

Pimeni bodi ya tipa kwa tepu kabla ya kukubaliana bei. Bodi yenye urefu wa mita 3.6, upana 2.1 na kina 0.93 inabeba mita za ujazo 7 ikijazwa sawasawa. Tipa hilo litakwenda safari 143 kwa kilomita. Barabarani wekeni vigingi kila mita 7, na kila kigingi kipate tipa moja. Vigingi ndivyo vinavyomfanya kila mtu aone tipa lililokuja nusu, kwa sababu lundo lake linakuwa dogo kuliko la jirani yake.

Safari moja kwa kilomita 6: kwenda na kurudi ni kilomita 12, ambazo kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa ni karibu dakika 29. Kupakia kwa mikono dakika 30 ikiwa wapakiaji ni 12, kumwaga dakika 5. Hapo ni saa moja na dakika chache, kwa hiyo safari 7 kwa siku, sawa na mita za ujazo 49. Kilomita inakwisha kwa siku 21 hivi.

Wachimbaji ndio wanaosahauliwa. Changarawe ngumu kwa sururu na mtaimbo, mtu mmoja hutoa mita za ujazo 2 hadi 3 kwa siku zikipimwa zikiwa ardhini. Kulisha tipa moja mnahitaji wachimbaji kama 16, na waanze siku mbili au tatu kabla ya tipa kufika ili kuwe na lundo. Tipa likisubiri shimoni, fedha ya kijiji inasubiri nalo. Wekeni watu wanne wa kusambaza barabarani. Wapeni wachimbaji kazi ya kipande: pimeni kwa kamba eneo la kila mtu, akimaliza aende zake. Wapakiaji wakiwa hawana tipa, wachambue mawe.

Mawe yaliyozidi sentimita 5 yasiende barabarani. Yakibaki kwenye tabaka yanakaa kama nundu, greda linayang'oa na kuacha mashimo. Tengenezeni chujio la nondo za milimita 16 zilizochomelewa kwa nafasi ya sentimita 5, lisimame kwa mwinuko wa nyuzi 45, kifusi kirushwe juu yake. Mawe yanayobaki yana kazi yake kwenye midomo ya makalavati na vivuko vya korongo.

Pengine jambo litakalowaokolea nguvu zaidi ni mahali pa kupakilia. Bodi ya tipa iko juu, na kurusha beleshi zaidi ya mita moja juu ya miguu kunachosha watu kabla ya saa sita. Chimbeni kizimba, yaani njia ya kurudisha tipa nyuma iliyo chini ya sakafu ya lundo kwa mita moja hivi, ili wapakiaji wasimame juu na kusukuma kifusi badala ya kukinyanyua. Kizimba kiwe na mteremko wa kutolea maji, la sivyo mvua moja inakigeuza bwawa.

Trekta lenye tela la mita za ujazo 3 linafaa shimo likiwa ndani ya kilomita 5, kwa sharti muwe na tela mbili: moja inapakiwa wakati nyingine iko njiani. Kwa kilomita 6 zenu, tipa lina nafuu.

Maji msiyasahau kwenye bajeti. Kifusi kikavu kinaweza kuhitaji kuongezewa maji kama asilimia 6 ya uzito wake ili kishindiliwe vizuri. Mita za ujazo 1,000 zina uzito wa tani 1,500 hivi, kwa hiyo lita 90,000, na pamoja na yanayokauka juani panga 120,000: boza 12 za lita 10,000. Ndiyo maana Juni ni mwezi mzuri wa kuchimba. Masika yameisha, ardhi bado ina unyevu wake, na mnayo miezi kadhaa kabla ya vuli ya Oktoba. Mkifinya kifusi mkononi kikashikamana bila kutoa maji kati ya vidole, kimefika. Kikivunjika ukifungua kiganja, ongezeni maji.

Shindilieni kuanzia kingo kuja katikati, mara 6 hadi 8 kwa shindilio la tani 8 au 10. Likiwa shindilio dogo la kusukumwa, gawanyeni tabaka mara mbili. Katikati ya barabara iwe juu ya kingo kwa asilimia 5 ya nusu ya upana: kwa upana wa mita 5, ni sentimita 12 na nusu. Kabla ya yote hayo mitaro iwe wazi na makalavati yapitishe maji. Kifusi kilichomwagwa juu ya barabara isiyo na mitaro ni fedha iliyotupwa.

SWALI: Tunachimba chini ya ukuta wa kifusi ili cha juu kianguke chenyewe. Msimamizi anasema ndiyo haraka. Kuna hatari? – Kibarua, Korogwe

JIBU: Kuna hatari ya kifo, ndugu yetu. Acheni leo. Mita moja ya ujazo ya kifusi ina uzito unaopita tani moja na nusu, na ikimwangukia mtu kifuani hawezi kupumua hata kama kichwa kiko nje.

Ukuta wa kuchimbwa kwa mikono usizidi mita 1.5. Ukizidi, kateni ngazi, na kila ngazi iwe na upana usiopungua urefu wake. Chimbeni kutoka juu kushuka. Lundo wala tipa visikae karibu na ukingo wa juu. Asubuhi baada ya mvua, msimamizi atembee juu ya ukingo kabla ya mtu yeyote kushuka, akitafuta nyufa zinazokwenda sambamba na ukuta. Akiona ufa, ukingo uangushwe kutoka juu kwa mtaimbo, watu wakiwa wamesimama nyuma ya ufa. Wachimbaji wakae mita 2 mtu na mtu, kwa sababu sururu inayorudi nyuma haimwoni jirani. Kofia ngumu, buti na fulana za kung'aa ni wajibu wa mwajiri, na ofisi ya OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, inapokea taarifa za msimamizi anayekataa.

SWALI: Barabara yetu inapanda mlima. Kila mwaka tunamwaga kifusi, kila mwaka kinashuka bondeni. – Msomaji, Lushoto

JIBU: Mteremko ukipita asilimia 10 au 12, changarawe haikai, hata iwe bora namna gani. Msipeleke tipa jingine pale. Tumieni fedha hiyo kujenga vipande viwili vya zege vya kupita magurudumu, au kupanga mawe, kwenye sehemu kali tu. Kifusi kiende kwenye sehemu za chini. Mitaro ya mlimani iwekewe vizuizi vya mawe ili maji yasikimbie na kuichimba.

SWALI: Karibu na shamba langu kuna shimo la kifusi liliachwa wazi. Sasa limejaa maji, hatulali kwa mbu, na watoto wanaogelea. Kijiji kinataka kufungua jingine. Niwaambie nini? – Mama mkulima, Mkinga

JIBU: Pole sana, mama yetu. Waambie kwamba shimo jipya lisifunguliwe mpaka ionyeshwe kwenye karatasi litakavyofungwa, na kwamba la zamani liingizwe kwenye mpango huohuo. Udongo usiofaa utakaotoka kwenye shimo jipya unaweza kufukia la zamani kama hayako mbali.

Kufunga shimo huanza siku ya kwanza ya kulifungua. Sentimita 15 hadi 20 za juu, zenye mizizi na rutuba, hukwanguliwa na kuwekwa lundo la peke yake upande wa juu wa shimo, lisilozidi mita 1.5 kwenda juu ili mbegu na vijidudu vya udongo visife. Udongo usiofaa uwekwe lundo jingine. Yakichanganywa, rutuba imepotea na hairudi. Upande wa mlimani uchimbwe mtaro wa kukinga maji ya mvua yasiingie. Sakafu ya shimo iwe na mteremko wa asilimia 2 kuelekea upande mmoja, maji yapite kwenye kibwawa kidogo cha kutuliza tope kabla ya kwenda mtoni. Shimo lisilo na mahali pa kutolea maji ndilo linalogeuka kama hilo lako, kwa hiyo kina cha mwisho kisipite usawa wa njia ya maji.

Uchimbaji ukiisha, kingo zinalazwa mpaka kila mita moja ya kwenda chini iwe na mita tatu za kwenda mbele. Udongo usiofaa unarudi kwanza, sakafu iliyokanyagwa na matipa inalimwa sentimita 30 ili mizizi ipenye, halafu udongo wa rutuba unatandazwa juu. Pandeni nyasi kabla ya vuli, na miti kwenye kingo. Jamii ikitaka maji yabaki kwa ajili ya mifugo, upande mmoja ulazwe zaidi, mita tano kwa mita moja, na pande nyingine ziwekewe uzio wa miiba au katani.

Kwa shimo la zamani, wakati mnasubiri, ombeni kijiji kichimbe mfereji wa kulikausha kama ardhi ya jirani ina mteremko. Kama haiwezekani, kingo mbili zilizosimama zilazwe haraka ili mtoto aliyeteleza aweze kutoka. Katika mkataba wa shimo jipya, dai sehemu ya malipo ya mchimbaji ishikiliwe na Halmashauri ya Kijiji mpaka masika moja yapite na ikaguliwe kama nyasi zimeshika na kingo hazijakatika.